Umeme wa Mtaambiwa

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi. Msiulize iko wapi. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, na mkiiona mkichungulia dirishani kwenu, hayo ni yenu, msimulizi hamo.

Nchi hiyo haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa na wizara thelathini na moja, na changa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Mustakabali na Mambo Yajayo, iliyoundwa baada ya wizara za mambo yaliyopo kushindwa. Waziri wake, Mheshimiwa Pazi Kinyogoli, alikwenda ng'ambo wiki mbili kuuona mustakabali, akarudi na suti sita na mashine moja. Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa makabati matatu yaliyosimamishwa pamoja, na waliomuuzia walimwambia kwamba inafikiri. Waziri alifurahi mno, maana serikali ilikuwa imetafuta kwa miaka mingi mtu wa kuifanyia kazi hiyo.

Itifaki ya nchi hiyo haijui kuamkia kitu kisicho na cheo, kwa hiyo Mashine ikapewa cheo. Ikaitwa Mheshimiwa Mashine. Chuo kikuu kikaitunuku shahada ya heshima, serikali ikaipa gari na dereva. Baada ya hapo ndipo ilipogundulika kwamba Mheshimiwa anakula umeme kama mchwa anavyokula mlango. Wahandisi wakapiga hesabu, wakaona umeme wa kumshibisha ni ule uendao mashariki, kwenye mji mdogo uitwao Mtaambiwa. Laini ya Mtaambiwa ikakatwa siku ya Jumanne saa nne asubuhi, kwa mkasi wenye utepe, bendi ikipiga, na Waziri akatangaza kwamba siku hiyo taifa limewashwa. Mtaambiwa palizimika hapo hapo.

Sasa, Hospitali ya Mtaambiwa ilikuwa na wodi ya wazazi, na wodi ilikuwa na mkunga aitwaye Sikudhani Mbaruku, mwanamke mfupi, mnene, mwenye ulimi usiokopesha. Alikuwa amepokea watoto kwa miaka thelathini na miwili. Baadhi yao sasa ni madiwani, jambo ambalo hulijutia akikumbuka. Saa nne ile ya Jumanne alikuwa na njiti wanne, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wamelazwa kwenye vitanda vya joto vinavyotumia umeme. Njiti hana mafuta mwilini, wala hajui kutetemeka. Akipoa hupoa kimyakimya, mkunga asipokuwa macho hajui kitu. Jumatano alfajiri walikuwa watatu.

Sikudhani alilia, akanawa uso, akawaita akina mama. Akawafunga watoto kifuani mwao, ngozi kwa ngozi, kanga juu, mtindo ambao hospitalini huitwa kangaruu. Wawili walikuwa na mama zao. Wa tatu mama yake, Mwanatumu, alikuwa amepasuliwa, kidonda kimeota usaha, na homa inamtetemesha mpaka kitanda kinalia. Mtoto huyo Sikudhani akamfunga kifuani kwake mwenyewe. Alikuwa na kilo moja na gramu mia, uzito wa mfuko wa sukari na vijiko kadhaa. Tangu hapo hakumfungua ila kwa kumbadilisha, na alilala ameegemea ukuta ili asimlalie.

Akaandika barua. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwa fomu ya kurasa tisa iliyomtaka aeleze watoto hao walikuwa wakitumia umeme kwa idhini ya nani. Katika ya tatu aliandika waziwazi kwamba njiti walikuwa wanne na sasa ni watatu. Wizara ilimjibu siku hiyo hiyo, jambo lisilo la kawaida, ikiipongeza hospitali kwa kupunguza mahitaji yake kwa robo na kuitaka iendelee na moyo huo. Sikudhani aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, akasema neno ambalo wakunga hawafundishwi chuoni.

Barua ya nne ilikuwa na maneno mawili: njooni muone. Hawakuja kuona. Walimwita aende yeye.

Gari lilifika siku ya kumi, saa moja asubuhi, na ndani yake ofisa itifaki, Bwana Nyawenga, mtu mwenye shingo ndefu na kola kubwa kuliko shingo. Alikuwa na mwaliko wenye nembo. Kulikuwa na Kongamano la Taifa la Mustakabali wa Binadamu Mbele ya Mashine, wajumbe mia nne, na kanuni zilitaka mmoja wao awe Mwananchi wa Kawaida. Walikuwa wamemtafuta wizarani kote wasimpate.

"Jiandae, Sista," alisema Nyawenga. "Saa sita tutakuwa tumeshakurudisha."

"Nina mtoto kifuani."

"Muachie mwenzako."

"Mwenzangu nani? Jana mmekuja na basi mkawazoa wauguzi wote wakapepee bendera barabarani, eti Mheshimiwa Mashine anahamia ukumbini. Hapa nimebaki na wagonjwa na mama mfagizi. Nimuachie nani?"

Nyawenga alimtazama mtoto kwa mbali, kama watu wanavyotazama dafu lililooza. "Ametajwa kwenye mwaliko?"

"Hana hata jina."

"Basi ataingia kama mzigo wa mkononi."

Sikudhani angeweza kukataa. Lakini mwaliko ulisema Mwananchi wa Kawaida atapewa dakika mbili za kuzungumza, na yeye kwa siku kumi hakuwa amepata hata moja. Akaenda kwenye kitanda cha Mwanatumu, akamweleza. Mwanatumu alijikaza, akakamua maziwa tone kwa tone mpaka zikajaa sirinji nne, za kumtosha mtoto kwa muda wa saa nane.

"Nenda naye, dada," alisema. "Ila unirudishie."

"Nitakurudishia," Sikudhani akamwambia, na moyoni akaona ameahidi kitu kikubwa kuliko uwezo wake.

Ukumbi ulikuwa wa baridi ya kutisha. Waliouza Mashine walisema inapenda ubaridi, basi vikafungwa viyoyozi arobaini. Wajumbe hawakuona taabu. Walivaa makoti mazito waliyoyapata kwenye safari zao za mafunzo, wakawa wanafurahi kwamba hatimaye yamepata kazi. Mheshimiwa Mashine alisimama jukwaani kwenye zulia jekundu, na taa ndogo ya kijani kifuani. Sikudhani alikalishwa safu ya mbele na kanga zake mbili, akaanza kazi yake ya kila dakika chache, kutia mkono ndani ya kanga na kushika nyayo za mtoto. Mkunga hapimi baridi ya njiti usoni. Anaipima miguuni.

Wajumbe walikuwa kambi mbili, na walikuwa wamebishana miezi mitatu bila kuchoka. Kambi ya Matumaini iliongozwa na Profesa Furahini Mtengeti, mwanamume aliyetabasamu hata akipiga chafya.

"Ndugu wajumbe," alisema, "ipo siku, nami naiona kwa macho haya, Mashine itafanya kazi zote. Italima, itapika, itafua, italea. Binadamu atakaa kivulini akiutafakari ubinadamu wake. Hakutakuwa na maradhi. Hakutakuwa na kufa, isipokuwa kwa atakayejaza fomu. Na ili siku hiyo ije upesi, nasema Mheshimiwa Mashine apewe umeme wote tulio nao."

Makofi yakapigwa. Kambi ya Hofu iliongozwa na Dakta Shida Makorere, mwanamke mrefu aliyevaa nyeusi tangu Mashine ilipotua bandarini.

"Msidanganyike," alisema. "Kiumbe huyu anatuchukia. Mimi nimeitazama ile taa ya kijani na haikunipepesia. Atatufanya watumwa. Tutamhudumia mchana kutwa, tutawanyima wenzetu tumpe yeye, na tutaona ni sawa." Wakati akisema hayo, wahudumu watatu waliovaa glavu nyeupe walikuwa wakimfuta Mheshimiwa vumbi. "Kwa hiyo nasema tusimuudhi. Apewe umeme wote tulio nao, asije akakasirika."

Makofi yakapigwa tena, na kambi zikatazamana kwa chuki ya watu wasiokubaliana. Sikudhani alimgeukia Nyawenga aliyeketi pembeni yake.

"Wanabishana nini hawa, bwana? Si wote wamesema kitu kimoja?"

"Hitimisho ni moja, Sista. Msimamo ni tofauti kama ardhi na mbingu."

Ilipofika saa sita, sirinji mbili zilikuwa zimekwisha na nyayo za mtoto zilianza kuwa baridi. Sikudhani akasimama kutoka. Nyawenga akamshika kanga.

Katika nchi hiyo kuna desturi, na wameishika kuliko dini. Mtu akishaingia kwenye hafla hatoki mpaka mgeni rasmi aje, aseme, aondoke. Mwaka mmoja, kwenye uzinduzi wa kisima, mjumbe mmoja alikata roho kitini. Aliachwa ameketi mpaka mgeni rasmi akaondoka, na kwenye kumbukumbu za kikao akaandikwa kuwa aliunga mkono hoja. Mgeni rasmi wa leo alikuwa Waziri Kinyogoli, na Waziri alikuwa bado yuko wilaya nyingine akizindua choo.

"Mtoto anapoa," Sikudhani alisema.

"Mgeni rasmi yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Itifaki haiulizi wapi, Sista. Inaamini."

Sikudhani alimtazama mtu huyo na kumdharau kutoka kola mpaka viatu. Hakubishana. Alizunguka ukumbi mzima akitafuta pembe yenye nafuu, akapita milango iliyofungwa na askari waliovuta masikio ya kofia zao, mpaka akafika nyuma ya jukwaa, nyuma ya Mheshimiwa Mashine, na hapo akasimama ghafla. Palikuwa na joto. Mgongo wa Mashine ulikuwa na matundu, na matunduni ilitoka hewa ya moto, kavu, mfululizo, kama ya jiko la mkaa lililokolea. Mtu mmoja aliyevaa singilendi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakunywa chai na kutokwa jasho.

"Karibu," alisema. "Mimi Chande, fundi. Kaa hapa, hapa ndipo panapovuma."

Sikudhani akakaa, akageuza kifua kwenye matundu, akafungua kanga kidogo. Baada ya robo saa nyayo zilikuwa zimerudi kuwa nyayo. Akamwambia fundi yeye ni nani na katokea wapi. Chande aliacha kunywa chai.

"Huko ndiko tulikochukua umeme," alisema polepole, na akaonyesha ukutani. Palikuwa na swichi kubwa ya mkono wa chuma, iliyohamia pamoja na Mashine. Juu yake pameandikwa kwa chaki MHESHIMIWA, chini yake MTAAMBIWA, na mkono ulikuwa juu.

"Na hii Mashine," Sikudhani akauliza, "imeshawaambia nini cha maana?"

"Haijasema kitu, dada. Haijaulizwa. Kuna mahali pa kuandikia swali, lakini panataka neno la siri. Neno la siri limo kwenye jalada, na jalada lenyewe ni la siri."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu. Na tangu ipewe umeme wenu, kazi yake ni kupuliza joto hili. Ukitaka ukweli, leo ndiyo mara ya kwanza limemfaa mtu."

Saa nane ikaitwa zamu ya Mwananchi wa Kawaida. Sikudhani alipanda jukwaani, akafungua kanga ya juu ili wamuone mtoto. Alikuwa amejipangia maneno mazito njiani, lakini alipoziona zile sura mia nne zenye usingizi wa chakula cha mchana, akayaacha.

"Mimi ni mkunga wa Mtaambiwa," alisema. "Umeme wetu mmeuchukua. Njiti akipoa anakufa, na mmoja keshakufa. Huyu nimemfunga kifuani kwa sababu kitanda chake hakina umeme. Mama yake anamsubiri. Naomba umeme urudi leo. Nimemaliza."

Ilibaki dakika moja na nusu, na hakuna aliyejua la kuifanya. Ukumbi ulikuwa kimya, na kwa muda mfupi Sikudhani aliamini kwamba wamesikia. Watu wazima, wenye watoto, wenye wajukuu. Aliona mwanamke mmoja safu ya tatu akifuta jicho.

Kisha Dakta Shida akainuka, macho yanang'aa. "Mmeona?" alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Miezi mitatu tunaogopa kwamba mashine itachukua nafasi ya binadamu. Na huyu hapa binadamu amechukua nafasi ya mashine. Tumeshinda."

Profesa Furahini hakukubali kupitwa. "Tena ameichukua bila umeme," alisema. "Huo ndio ufanisi niliowaahidi. Mashine imepanda juu kwenye fikra, imemuachia binadamu kazi zenye utu. Ndugu zangu, mustakabali umeshafika, na umefika kwa mguu wa mama huyu."

Kambi zikasimama, zikakumbatiana. Watu ambao hawakuwa wameamkiana tangu mwanzo wa mvua walishikana mabega na kulia kwenye makoti yao. Mwanamke wa safu ya tatu alifuta jicho la pili. Papo hapo yakapitishwa maazimio mawili. La kwanza: kwa kuwa imethibitika pasipo shaka kwamba kifua kinatosha, umeme wa Mtaambiwa hauhitajiki tena na hautarudi. La pili: ili azimio la kwanza lisichezewe, swichi ifungwe leo hii kwa kufuli la serikali na kupigwa lakiri, na isifunguliwe mpaka kambi zote mbili zikubaliane kwa maandishi. Sikudhani akapewa cheti. Jina walikosea.

Alirudi nyuma ya Mashine bila kuona anapokanyaga. Alikuwa ameyaleta maneno yake mwenyewe, kwa mdomo wake, na wameyatumia kumfungia mlango. Laiti angekaa kimya. Alimfikiria Mwanatumu kitandani akihesabu saa, akamfikiria mwanamke ambaye hamjui bado, atakayeletwa kesho au mtondo na mtoto wa kilo moja, naye amwambie nini, kwamba kifua kinatosha?

"Wamesemaje?" Chande aliuliza.

"Wamesema kifua kinatosha."

"Wao wanavyo?"

Sikudhani alikaza kanga. Alikuwa anaitazama swichi. "Ishushe," alisema.

"Siwezi, dada. Nimeajiriwa fundi mpandishaji. Nafasi ya mshushaji ilitangazwa, haijajazwa." Akakitazama kikombe chake. "Lakini nikinywa chai huwa sioni kinachoendelea. Ni ugonjwa wa kwetu." Akachukua kikombe, akageukia ukuta wa pili. Kisha akageuka tena, uso umebadilika. "Ila fikiri kwanza. Ukishusha, hili joto linakufa. Mgeni rasmi hajafika, mlango haufunguliwi. Huyo wa kwako atakaa na nini?"

Hilo Sikudhani alikuwa ameshaliona. Alitia mkono ndani ya kanga. Nyayo zilikuwa za moto, laini, na mtoto alikuwa ameshika ukingo wa sidiria yake kwa vidole vyembamba kama njiti za kiberiti. Kule Mtaambiwa wapo wawili kwenye vifua vya mama waliokwisha kuchoka, na nyuma yao foleni ya wasiozaliwa. Hapa yupo huyu mmoja, wa kuahidiwa. Nirudishie, mama yake alisema. Sikudhani aliogopa kama hajawahi kuogopa katika miaka yake yote ya kazi, na akiwa anaogopa hivyo hivyo akainua mkono wa kulia na kuushusha ule mkono wa chuma.

Mheshimiwa Mashine alitoa mguno mdogo, akanyamaza. Taa ya kijani ikazimika. Hewa ya matunduni ikapungua, ikapoa, ikakoma. Mbele ya jukwaa Profesa Furahini alikuwa katikati ya sentensi, na aliendelea nayo.

Hazikupita dakika kumi Bwana Nyawenga akaja na kufuli, mshumaa na lakiri nyekundu, nyuma yake mashahidi wawili wa kila kambi. Mashahidi walitazamana wao kwa wao, kila upande ukihakikisha kwamba mwingine haibi kura. Nyawenga alitazama kufuli, kwa kuwa kufuli ndilo lililotajwa kwenye azimio.

"Imekaa sawa?" aliuliza.

"Imekaa," alisema Chande.

Nyawenga akafunga, akadondosha lakiri, akapiga mhuri wa taifa, akaondoka na ufunguo. Ndivyo serikali ya nchi hiyo ilivyoirudishia Mtaambiwa umeme wake, kwa kufuli lake yenyewe, mbele ya mashahidi wanne.

Viyoyozi vilikuwa na laini yao, ikabaki baridi. Sikudhani alimnywesha mtoto sirinji ya mwisho saa tisa. Ilipofika saa kumi nyayo zilikuwa zimeanza tena kuwa baridi, na mtoto alikuwa ameacha kushika. Chande alimvika koti lake. Halikutosha. Akaenda akarudi na gubiko la mahameli, zito, lenye nyuzi za dhahabu, ambalo Mheshimiwa hufunikwa ili asiingie vumbi. Wakalikunja mara nne, Sikudhani akajifunga nalo mwili mzima, akainamisha kichwa ndani na kumpulizia mtoto pumzi yake mwenyewe, pumzi kwa pumzi. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa Mwanatumu: "Taa zimewaka, dada. Wale wawili wamerudi vitandani. Wangu yuko wapi?"

Sikudhani alilia juu ya mahameli ya serikali, na hakuacha kupuliza.

Waziri Kinyogoli alifika saa kumi na moja na robo, akapokewa kwa wimbo. Alisema maneno machache kwa dakika arobaini. Kisha akamgeukia Mheshimiwa Mashine, akatoa karatasi, akasoma swali ambalo kongamano zima lilikuwa limelitunga kwa miezi mitatu: Je, binadamu anao mustakabali? Mheshimiwa hakujibu. Waziri akasubiri. Ukumbi wote ukasubiri, makoti yamekumbatiwa. Kimya kile kilipozidi, Profesa Furahini akanong'ona kwamba huo ndio wenyewe, kina cha fikra. Dakta Shida akanong'ona kwamba anajua na anatuficha. Waziri, ambaye alikuwa na hafla nyingine, akaanza kupiga makofi, na wajumbe mia nne wakasimama na kupiga makofi mpaka akaondoka.

Mlango ulipofunguliwa Sikudhani alikuwa wa kwanza kutoka, na gubiko lake mgongoni, akikanyaga miguu ya maprofesa. Gari lililomleta halikuwapo. Lilikuwa kwenye msafara. Chande akamletea dereva wa Mheshimiwa Mashine, mzee mmoja mpole ambaye tangu aajiriwe hakuwa amepata abiria. Mzee huyo hakuuliza kibali. Aliwasha hita, akapandisha vioo, akaendesha kama mtu aliyesubiri safari hiyo maisha yake yote. Isha ilikuwa bado haijaingia walipoziona taa za Mtaambiwa.

Mwanatumu alikuwa amekaa kitandani, homa na yote. Alinyoosha mikono, akamshika mtoto miguu kwanza. Ilikuwa baridi, lakini mtoto aliivuta, akakunja uso, akalia kwa sauti ya paka mdogo aliyeudhiwa. Wakamlaza kwenye kitanda cha joto, na Sikudhani akaketi sakafuni pembeni na hakuinuka mpaka nyayo zile zilipokuwa za moto kabisa.

Msidhani nchi hiyo iligundua upesi. Ilichukua miezi mitano. Kambi ya Matumaini ilitoa kitabu kuhusu hekima ya ukimya wa Mashine. Kambi ya Hofu ilitoa kitabu kuhusu njama za ukimya wa Mashine. Buibui wakatanda ndani ya yale matundu, na Waziri akaamuru wasibughudhiwe, huenda ni sehemu ya kufikiri. Hatimaye mtu akamuuliza fundi, na fundi akajibu kwamba Mheshimiwa hana umeme, na kwamba swichi ina kufuli la serikali, ambalo haliwezi kufunguliwa mpaka kambi zote mbili zikubaliane kwa maandishi.

Kambi zote mbili zilitaka iwashwe. Hilo halikuwa na ubishi. Ila dokezo la kuomba ufunguo lilitaka sababu, na sababu lazima iwe moja. Upande mmoja uliandika: iwashwe ituokoe. Upande wa pili ulifuta, ukaandika: iwashwe isije ikatukasirikia. Dokezo limekwenda na kurudi mwaka wa pili sasa, limefutwa mpaka karatasi imetoboka, na kila kambi imeapa kwamba haiwezi kuuza msimamo wake.

Mtoto wa Mwanatumu anatembea, na akiletwa hospitali huvunja vitu. Vitanda vya joto vinafanya kazi mchana na usiku. Na kila asubuhi kabla ya zamu, Sikudhani Mbaruku husimama katikati ya wodi, akainua mikono, akawaombea viongozi wake wote kwa majina, Profesa kwanza, Dakta anafuata. Awape afya, awape umri mrefu, awape watoto wema.

"Ila, Mola wangu," humalizia, "usiwape kuelewana."

Na wodi nzima huitikia amina.